Utando Uliokamata Risasi

Nyamigogo, Biharamulo
12 Februari 2024

Shangazi Yuster,

Shikamoo. Mimi mzima, kile kifua kilichonisumbua Krismasi kimepona. Natumaini goti lako limetulia na migomba imesalimika na upepo wa wiki iliyopita. Huku uliezua mabati ya kanisa na kuyatupa hadi shambani kwa watu. Dada Irine anakusalimu. Nilimkuta Jumapili sokoni na mumewe Shilinde, wanauza kunde.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kazini simu tunaziacha getini, na yako, unisamehe, inashinda imezimwa. Tena ninachoomba lazima kipakiwe kwenye gari, kwa hiyo barua zitapanda pamoja nacho.

Unajua kwamba mimi ni fundi wa maabara kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu. Mawe yakishasagwa na dhahabu ikishatoka, maji yanayobaki yanakwenda bwawani, na mvua zikizidi bwawa linamwagikia mtoni. Januari niliyapima maji hayo kwa mashine yetu ya dhahabu, ambayo ukiibadilisha taa inapima na vitu vingine. Nilikuta shaba, na nilikuta risasi. Inayoruhusiwa ni miligramu sifuri nukta moja kwa lita. Yetu ilikuwa mbili nukta moja. Ng'ombe wa Shilinde wanakunywa mto huo. Mwaka jana walikufa wanne, na hakuna aliyejua sababu.

Afisa mazingira ametupa mpaka mwisho wa Septemba. Maji yawe safi, la sivyo mtambo ufungwe. Tupo watu tisini pale.

Sasa ombi lenyewe. Krismasi ulimwaga nyuma ya jiko mtungi wa juisi ya ndizi iliyochacha. Juu yake palikuwa na kitu kama ngozi, cheupe, kinateleza, kinene kama kidole. Ulikiopoa kwa kijiti ukasema ni uchafu. Shangazi, nimesoma kwamba ngozi ile inafumwa na bakteria, na kwamba utando wa namna hiyo unaweza kunasa risasi iliyoyeyuka ndani ya maji. Naomba unitafutie ngozi mbili.

Mwanao,
Deodata


Lukole, Ngara
1 Machi 2024

Deodata mwanangu,

Marahaba. Goti linauma asubuhi, likipata jua linakubali. Imeanguka migomba mitatu tu. Venance mjukuu wangu amerudi shule na sasa nyumba imepoa.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira. Miaka thelathini na minne watu wanatoka hadi Benaco kuifuata pombe yangu, na wewe, mtoto wa kaka yangu, hujawahi kuniomba hata chupa. Leo unaandika kuniomba iliyoharibika. Nilimsomea jirani yangu Kankindi, akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha nikafika kwenye risasi. Neno hilo sisi wa huku hatulichezei, tuliwaona wakimbizi wa kambini waliokuja nazo mwilini. Nikawaza, nani anapiga risasi mtoni? Ikabidi nimuulize mwalimu Benedicto. Akanieleza kuwa ni madini, yale mazito ya kwenye betri za magari. Akasema yakiyeyuka kwenye maji huyaoni wala huyaonji, na mtoto akiyanywa siku nyingi akili yake haikui inavyopaswa. Hapo hasira ikaisha.

Ngozi yenyewe haiji hivi hivi. Nilitega mitungi miwili. Niliouziba kwa mfuniko ulitoa ukungu mweusi, nikaumwaga. Niliouziba kwa kitambaa, pembeni mwa jiko penye joto, ulitoa ngozi baada ya siku kumi na moja. Kumbe hao bakteria wako wanataka hewa. Nimekutumia mbili ndani ya ndoo, zikiwa kwenye siki yake. Amezibeba Philbert, kondakta wa gari la Biharamulo. Ndoo airudishe.

Kuhusu wale uliowakuta sokoni, sina la kuandika.

Shangazi yako,
Yuster


Nyamigogo
22 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimepokea ndoo salama, na Philbert analalamika kwamba gari zima lilinuka siki kuanzia Benaco mpaka Nyakahura. Huku mvua inanyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni.

Nilizichemsha ngozi zako na magadi ili bakteria wafe na siki itoke. Zikabaki safi, nyeupe kama utumbo uliooshwa. Nikakata kipande nikakitia kwenye lita moja ya maji ya bwawa, nikawa nakoroga. Baada ya saa tatu nikapima. Risasi ilikuwa imeshuka kutoka mbili nukta moja hadi sifuri nukta tatu. Nikatoa kipande kile nikatia kingine. Sifuri nukta sifuri nane. Nilirudia mara tatu, sikuiamini mashine. Shaba nayo inashuka.

Mwalimu Benedicto akikuuliza, mwambie hivi: bakteria wale wanafuma uzi mwembamba kuliko wa buibui, unapishana na kupishana mpaka ngozi yote inakuwa matundu madogo yasiyoonekana. Maji yanapenya, risasi inang'ang'ania kwenye nyuzi.

Meneja wetu, Bwana Gozbert, amekubali nionyeshe kwenye pipa zima tarehe 26 Aprili, mbele ya wenye mtambo watakaotoka Mwanza. Nahitaji ngozi arobaini. Zianike juani kama ngozi ya mbuzi ziwe nyepesi, Philbert azibebe kwenye mfuko.

Najua hutaki, lakini nitaandika. Dada Irine ana mimba ya miezi mitatu. Tangu nilipomweleza habari ya maji, anakwenda kuchota kisima cha shule, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Shilinde naye anawapeleka ng'ombe mto wa mbali. Ulisema hutaki binti yako akuletee mkwe anayehamahama na ng'ombe kutoka Shinyanga. Hajahama, Shangazi. Ni mwaka wa sita, na wewe hujakanyaga kwake.

Mwanao,
Deodata


Lukole
17 Aprili 2024

Deodata,

Marahaba. Sote wazima. Kankindi amepata mjukuu wa nne.

Arobaini hizi hapa. Nilizianika kwenye mkeka siku tatu, Kankindi akifukuza kuku. Zimekuwa kama karatasi ngumu, ukizigonga kwa kidole zinalia. Usizikunje, zinavunjika.

Tarehe 26 vaa lile gauni la bluu, si lile la maua. Simama wima unapoongea na hao wa Mwanza. Babako alikuwa na tabia ya kuangalia chini akiongea na wakubwa, na wewe umeirithi.

Ndani kuna mfuko mweupe wa unga wa ulezi. Huo si wa maabara. Unajua wa kumpa, na huna haja ya kumwambia umetoka wapi.

Yuster


Nyamigogo
6 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mzigo ulifika wote. Unga ulipokelewa kwa mikono miwili, na mwenyewe alijua umetoka wapi kabla sijafungua mdomo. Jaribio lilifanyika. Siku hizi kazi ni nyingi, nitaandika nikipata nafasi. Usihangaike kutengeneza nyingine kwa sasa.

Deodata


Lukole
3 Juni 2024

Deodata,

Sikuanza na salamu kwa sababu hii si barua ya salamu.

Ulipoandika mistari mitano nilijua kuna kitu. Wewe hata ukiandika habari ya homa unajaza ukurasa. Nikangoja wiki, nikangoja mwezi. Juzi nilimshika Philbert stendi nikamuuliza. Akaanza kufunga mzigo ambao ulikuwa umeshafungwa. Nikamwambia, "Philbert, nitazame." Akasema, "Mama Irine, Deodata hayuko tena maabara. Nikipita namwona getini, anaandika namba za malori."

Mimi unadhani nimemwaga pombe mara ngapi? Mwaka nilioolewa nilimwaga pipa zima, wakwe wamekaa wanasubiri na vikombe mkononi. Mama mkwe wangu aliliongea hilo mpaka anakufa. Nilitega pipa jingine kesho yake. Kilichoniuma si kwamba umeshindwa. Umeshindwa peke yako wakati kazi ilikuwa yetu wawili.

Sasa nisikilize. Nilikuwa nimebakiza ngozi moja kavu. Nikachukua na mbichi moja mtungini, nikaziloweka zote kwenye maji asubuhi mpaka jioni. Ile mbichi ukiikamua inatoa maji kikombe kizima. Ile kavu ilinywa kidogo tu, ikabaki karatasi. Haikurudi kuwa ngozi. Nikachukua wino wa bluu wa Venance nikamimina kwenye mabakuli mawili. Mbichi ilinywa wino mpaka ndani, nikaikata katikati nikaona ni bluu tupu. Kavu ilipakwa juu, nikaikwangua kwa ukucha, ndani nyeupe.

Matundu yako madogo yamezibwa na jua, Deodata. Nyuzi zimelaliana na hazitaki kuachana. Ngozi hazina kosa. Kosa ni kuzianika, na wewe uliomba na mimi nikaanika, kwa hiyo tumekosea sote.

Nimetuma kumi na mbili mbichi, ndoo mbili. Sijui utazipima vipi ukiwa getini. Zipime.

Shangazi yako,
Yuster


Nyamigogo
20 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama getini, lori likapiga honi mara tatu sijalifungulia.

Nitakueleza sasa. Tarehe 26 nilivaa gauni la bluu. Walikuja wanne kutoka Mwanza. Niliweka ngozi zote arobaini kwenye pipa, pampu ikazungusha maji kwa saa tatu, nikapima mbele yao. Moja nukta tisa. Ilikuwa mbili nukta moja, ikawa moja nukta tisa. Bwana Gozbert alichukua ngozi moja akaishika kwenye mwanga, akasema, "Deodata, umetuletea karatasi ya ndizi." Wageni wakacheka. Kesho yake nikakuta jina langu kwenye orodha ya getini.

Sikukuandikia kwa sababu kicheko kile kilikuwa kinakucheka na wewe pia, na sikutaka kikufikie. Nimekosa.

Ndoo zako zilipofika nilimwendea Suzan, aliyebaki maabara. Anajua kwamba akikamatwa atanifuata getini. Wenzetu walipokwenda kula mchana tuliingia, tukachemsha, tukatia, tukaacha ndani ya kabati la sampuli. Siku ya pili mchana tukapima. Sifuri nukta sifuri saba. Suzan alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma.

Nilikwenda na karatasi ya majibu moja kwa moja ofisini kwa Bwana Gozbert. Nilisimama wima.

"Mashine umeigusa kwa ruhusa ya nani?"

"Bila ruhusa."

"Na hizi ni zile zile za ndizi?"

"Ni zile zile. Mara ya kwanza tulizikausha, zikafa. Aliyegundua ni shangazi yangu, kwa wino wa shule."

Akaisoma tena ile karatasi. Nadhani alikuwa anaona watu tisini pale, na yeye mmoja wao. Akasema, "Nataka mapipa sita yamesimama na yanafanya kazi kabla mvua hazijaanza. Kesho ripoti maabara."

Kwa mapipa sita nahitaji mia tatu, mbichi, kila moja ndani ya maji yake. Sijui kama inawezekana.

Mwanao,
Deodata


Lukole
25 Julai 2024

Deodata,

Marahaba. Inawezekana.

Nilimwita Kankindi, Kankindi akamwita Domisiana, na sasa tupo wanawake kumi. Tunatumia ndizi zilizolainika ambazo mchuuzi hazitaki. Tunakamua, tunamimina kwenye mabeseni mapana kwa sababu ngozi inakua kwa upana wa maji, kila beseni tunaongeza siki ya zamani kidogo, tunafunika kwa kanga. Nyumba yangu imejaa mpaka chini ya kitanda. Domisiana aliosha mabeseni manane kwa sabuni hakuyasuuza, hayakutoa kitu. Alilia. Nikampa mengine manane.

Katika kikundi kuna mama mmoja aliyesema haya ni mambo ya kienyeji ya kuogopa. Nilimkatia kipande nikakitia kwenye maji ya wino mbele yake. Maji yalipopauka akasema atakuja Jumatatu na beseni lake.

Mia na ishirini ziko kwenye madumu yaliyokatwa juu. Zilizobaki zitakuja kila Ijumaa.

Nina swali ambalo wanawake wote wanauliza. Risasi ikishanaswa inakwenda wapi? Nisingependa kuitoa mtoni nikaiweke shambani kwa mtu.

Na huyo wa unga, atajifungua lini?

Shangazi yako,
Yuster


Nyamigogo
12 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nilisoma mstari wako wa mwisho mara nyingi kuliko barua yote.

Kwanza jibu kwa wanawake. Ngozi ikishashiba tunaiosha kwa asidi kidogo, risasi inaiachia ngozi na kubaki kwenye asidi. Tunaikusanya kwenye madumu yaliyofungwa, yanakaa kwenye chumba cha saruji chenye kufuli mpaka wenye kibali cha kuchukua sumu waje. Ngozi inarudi pipani. Tunaitumia mara nne kabla haijachoka.

Mapipa sita yalianza kazi tarehe 12 Agosti. Maji yanaingia pipa la kwanza, yanapita moja baada ya jingine. Pampu iliziba mara mbili wiki ya kwanza, Suzan akashona mifuko ya neti ya kuwekea ngozi, haikuziba tena. Tarehe 2 Septemba afisa mazingira alikuja na chupa zake, akajaza kwa mkono wake, akazifunga kwa lakiri na kuzipeleka maabara ya Mwanza. Hatukuruhusiwa hata kuzigusa.

Jana majibu yalifika. Bwana Gozbert alitukusanya wote uwanjani, akasoma. Risasi, sifuri nukta sifuri nne. Shaba, chini ya kiwango. Watu walikuwa hawajui kama sifuri nukta sifuri nne ni habari nzuri au mbaya. Akakunja karatasi akasema, "Hatufungi." Hapo ndipo sauti zikatoka. Wapishi walitoka jikoni. Dereva mmoja wa lori aliniinua juu kama mtoto. Sauti zilipotulia Bwana Gozbert akasema, mbele ya wote, "Mwezi wa nne niliziita ngozi hizi karatasi ya ndizi. Naomba radhi kwa Deodata na kwa shangazi yake." Watu walipiga makofi kwa jina lako, Shangazi, na wewe ulikuwa Lukole unakamua ndizi.

Tarehe 27 afisa atakuja kufungua rasmi bomba la kwenda mtoni. Mimi sitakuwepo. Kuanzia tarehe 22 wananipeleka Mwanza wiki tatu, kuwafundisha mafundi wa mitambo mingine. Nafasi yako ipo mbele, na jina lako limeandikwa.

Dada Irine anatarajia mwisho wa mwezi huu. Hajaniomba nikuandikie. Nyumba yake iko upande wa pili wa mto, ukishapita daraja la mbao, yenye ua wa minyaa.

Mwanao,
Deodata


Nyamigogo
1 Oktoba 2024

Deodata mwanangu,

Marahaba ya mapema, najua utaanza nayo. Unaona nilikoandikia.

Nilikuja Alhamisi na Philbert, pamoja na ngozi thelathini za mwisho. Alinishusha darajani. Nilisimama pale kwa muda, kikapu mkononi, kisha nikavuka. Irine alikuwa anapepeta mtama. Tumbo lilikuwa limeshuka, nikaona zimebaki siku chache. Alisimama kwa taabu akasema, "Mama, shikamoo." Nikasema marahaba. Nikamnyang'anya ungo nikaendelea kupepeta, maana sikujua mikono yangu niiweke wapi. Akakaa karibu yangu. Tulipepeta mtama wote. Ulipokwisha nikamwambia, "Nilichelewa." Akasema, "Umefika." Hayo tu, na yametosha.

Mumewe alinisalimu kwa mbali, kwa adabu za kwao, kisha akachinja jogoo mkubwa kuliko mbuzi wangu.

Ijumaa tulikwenda mtamboni. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, nao Kankindi, Domisiana na wale saba walikuja kwa gari walilotumiwa na Bwana Gozbert. Mwenyewe ni mfupi kuliko nilivyomfikiria. Alitupitisha kwenye mapipa. Deodata, nilipoziona ngozi zetu zimelala ndani ya ile mifuko ya neti, maji yanapita juu yake, niliinama nikazitazama moja moja. Domisiana aliongea kwa niaba ya wote, mpaka afisa akaangalia saa.

Afisa alizungusha koki. Maji yakatoka, yakaingia mtoni. Wakaniambia niseme neno. Sikuwa nimejiandaa. Nilisema, "Haya maji yamepita kwenye mikono ya wanawake kumi wa Lukole. Mkituharibia, tutajua." Watu wakapiga makofi, na mimi sikuwa nafanya mzaha.

Kisha tukasikia mluzi. Shilinde alikuwa ng'ambo na ng'ombe wake wote. Hakuna aliyemwita. Tangu Februari anawapeleka mbali, na yule mtu hasemi maneno mengi, alisubiri aone kwa macho yake. Afisa akavuka akamwonyesha karatasi ya majibu. Akaisoma mpaka mwisho, akairudisha kwa mikono miwili, akawaachia ng'ombe. Waliteremka kwa vumbi, wakubwa kwa ndama, wakapanga mstari wakainamisha vichwa. Hakuna aliyeondoka mpaka ng'ombe wa mwisho alipoinua kichwa. Bwana Gozbert alikuwa amevua kofia.

Mitambo miwili ya jirani ilileta watu kuniuliza ngozi zinapatikanaje. Wanazitaka wiki ijayo. Niliwaambia ni siku kumi na moja, na hakuna meneja anayeweza kuzipunguza.

Irine amejifungua jana saa tatu asubuhi, hospitali, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Wote wazima. Ana sauti kubwa na anashika kidole hakiachii.

Ukihitaji ngozi, mwandikie Kankindi, nimemwachia funguo na mabeseni yote. Mimi sirudi Lukole mpaka huyu mtoto akaze shingo.

Shangazi yako,
Yuster